Karani wa Wagonjwa

Jina langu lilisomwa kanisani kati ya majina ya wagonjwa wiki saba kabla daktari yeyote hajanigusa. Lilisomwa Jumapili tatu mfululizo, kwa sauti ile ile kavu, na mara zote tatu nilikuwa nimeketi benchi la nne upande wa madirisha, mzima, nimekunywa chai na mandazi mawili.

Aliyelisoma alikuwa mama mmoja, karani wa kanisa letu hapa Uthiru. Sitaandika jina lake. Yeye mwenyewe alilificha kwa miaka, na kulificha kwake ni sehemu ya habari hii. Wazee wa kanisa walimwita Karani, watoto walimwita Karani, na mama anayeuza mboga za sukuma wiki nje ya lango, ambaye hajawahi kuingia ndani, alimwita Karani pia. Nimemjua kwa miaka kumi na tisa.

Kazi yake ilianzia kwenye sanduku. Ni la mbao, limepigiliwa ukutani ndani tu ya mlango mkubwa, lina mwanya juu na kufuli chini. Mwenye mgonjwa nyumbani huandika jina kwenye karatasi na kulitumbukiza humo siku yoyote ya wiki, akifunguliwa mlango na mlinzi. Jumamosi saa tisa alasiri Karani alikuja peke yake, akalifungua kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akanakili majina kwenye kaunta buku lake, daftari nene la jalada gumu, na Jumapili akayasoma mbele ya watu. Baada ya kila jina kanisa zima huitika: "Yuko mbele zako."

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko yeye. Alichoongeza ni kimya. Alisoma jina, akainua kidole kimoja kutuzuia tusiitike, akatazama mlango. Kimya hicho kilikuwa kirefu kama hatua za mtu anayetembea polepole kutoka mlangoni hadi mbele. Malori ya barabara ya Waiyaki Way yalisikika yakipanda. Kisha akashusha kidole, nasi tukaitika. Watoto walikiogopa kimya kile, na nakiri kwamba hata mimi, mtu mzima mwenye kazi na watoto wawili, sikupenda kugeuka kutazama mlango.

Mchungaji mmoja mgeni alipohamishiwa kwetu alimwuliza mbele ya kamati, "Karani, hapo katikati huwa unangoja nini?"

"Afike."

"Nani?"

"Mwenye jina."

Mchungaji alicheka kidogo, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaendelea na ajenda iliyofuata.

Kabla ya kustaafu alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali katikati ya mji, chumba cha chini kisicho na dirisha. Nilikwenda huko mara moja kwa shughuli za kazi yangu. Mimi huchunguza madai katika kampuni ya bima. Nikipewa karatasi, nauliza nani ameiandika, lini, na kwa nini. Faili niliyoitaka ilikuwa imekosekana kwa miezi. Karani hakuonyesha kwamba tunasali pamoja. Alivuta kiti, akaniambia, "Faili haipotei, mwanangu. Inakaa kwa mtu. Wewe niambie nani aliishika mwisho." Baada ya dakika ishirini alikuwa ameipata chini ya chungu cha maua kwenye meza ya bosi wake.

Kanisani aliendesha mambo namna hiyo hiyo. Hakusoma ugonjwa, alisoma jina tu. Jina lilidumu Jumapili tatu. Baada ya hapo lilitoka, mpaka mtu alirudishe kwa karatasi mpya. Na halikusomwa jina lolote ambalo halikupitia sandukuni, hata kama mgonjwa ni mama yake mchungaji. Mama yake mchungaji kweli alitolewa kwenye orodha Jumapili ya nne.

"Lakini Karani, si unajua bado ni mgonjwa?" mchungaji alilalamika.

"Mimi najua. Wewe ndiye hukuandika."

Watu walisema ana moyo wa jiwe. Mutua, mlinzi wa kanisa, aliniambia tofauti. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akiishi peke yake nyuma ya soko, amepooza, hana ndugu. Jina lake halikutoka kwenye orodha kwa miaka miwili. Kila baada ya Jumapili tatu karatasi mpya ilikuwepo. "Nilimshika siku moja," Mutua alisema, akiangua kicheko. "Amekaa hapo kwa ngazi anaandika na mkono wa kushoto. Ati mwandiko usijulikane! Nikamwambia, Karani, unajidanganya mwenyewe? Akaniambia, nyamaza Mutua, sheria ni sheria."

Nimeitaja habari ya mkono wa kushoto kwa sababu nitairudia.

Alitembelea wagonjwa kila Alhamisi, nyumbani na hospitalini. Hakubeba matunda, maua wala Biblia. Alibeba kaunta buku. Wagonjwa waliotegemea kuombewa walipata mshangao, kwa kuwa yeye aliketi, akafungua kitabu, akasema, "Wewe umelala, huna kazi. Kuna watu kumi na mmoja hapa. Tuanze." Basi mwenye mguu uliovunjika alimwombea mwenye pumu, na mwenye pumu wiki iliyofuata aliambiwa kwamba mwenye mguu amemtaja. Wapo waliokasirika. Wengine walianza kumngoja kwa hamu.

Tabia yake ya milango ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kabla ya kuingia wodini alisimama, akajibanza ukutani, akangoja. Nilidhani anapumzisha miguu, maana miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Lakini alifanya ishara ya kichwa, ile ya kumpa mtu heshima anapopita, ndipo akaingia. Hakuna mtu aliyekuwa ametoka. Nilimwona akifanya hivyo si chini ya mara sita, na mara moja muuguzi aliyekuwa nyuma yetu alijibanza pia, bila kujua kwa nini, akatazama huku na huku kwa aibu.

"Karani, ulikuwa unampisha nani?" nilimwuliza tukishuka.

"Mlango wa hospitali ni mwembamba," alisema, na hilo ndilo jibu nililopata.

Tulishuka kwa ngazi. Hakupanda lifti kamwe. Mtu aliyeweza kukaa na maiti saa nzima akingoja jamaa wafike aliogopa lifti. Katika jengo moja la Westlands alipanda ghorofa saba kwa miguu yake iliyovimba, akipumzika kila ghorofa, ili amwone kijana aliyemjua kwa jina tu.

Miguu hiyo ilimletea kisa kingine. Saa ya chakula cha mchana, katikati ya mji, kuna wahubiri wanaosimama kwenye bustani na vipaza sauti. Mmoja alimwona akipita akichechemea, akamnyooshea kidole. "Mama! Mama wa leso ya kijani! Naona pepo kwa hiyo miguu!"

Karani alisimama. "Ni maji."

"Nasema ni pepo, mama, pokea!"

"Ni maji, kijana. Nimebonyeza na kidole, pakabaki shimo. Wewe umepima na nini?"

Watu walicheka mpaka mhubiri akashusha kipaza sauti. Karani alimsogelea akamwuliza jina lake, kwa upole. Kijana alimtajia. Baadaye nilimwuliza alilitakia nini. "Ana kikohozi kibaya," alisema. Alimwomba Mutua aandike karatasi.

Hakuwa na subira na ushuhuda wa haraka. Mtu akisimama kanisani kusema amepona, Karani alimngoja nje na swali moja: "Umepona ama umepata nafuu?" Walioungama kwamba ni nafuu tu aliwaambia waandike tena. Lakini yeye huyo huyo, aliyejua tofauti ya maji na pepo, alitazama mlango uliofungwa na kumpisha asiyeonekana. Sijawahi kuweza kuyaunganisha mambo hayo mawili, na simfahamu mtu aliyeweza.

Sasa nirudi kwenye jina langu.

Karatasi iliandikwa: Nyambura, kwa Mzee Ndung'u. Huyo ni marehemu babu yangu. Wasomaji wa kwetu wamekwisha kuona tatizo. Babu alikuwa na wana wanne, na kila mwana alimpa binti yake wa kwanza jina la bibi yetu, mama yao, kama ilivyo desturi yetu. Tuko Nyambura wanne kwa Mzee Ndung'u. Ili tujulikane tunaitwa Wa Benki, Wa Kuku, Mdogo, nami ni Wa Bima. Mtu yeyote wa Uthiru angeandika ni yupi. Huyu hakuandika.

Jumapili ile ya kwanza tulitazamana kanisani, wote wanne. Jioni kundi letu la familia kwenye simu halikulala.

"Nani ametuandika?" aliuliza Wa Benki.

"Mimi niko fiti kuliko kuku zangu," alijibu Wa Kuku.

"Ni Wa Bima huyo. Si mnaona hiyo sura yake ya Jumatatu hadi Jumatatu?" aliandika Mdogo.

"Wee, koma kabisa," niliandika.

Nilimfuata Karani nikamwomba nione karatasi. Alinionyesha bila kuniachia. Ilikuwa imechanwa kutoka daftari la hesabu, lenye miraba. Maandishi yalikuwa ya penseli, herufi zimesimama mbalimbali kama watu wasiojuana, na aliyeandika alikuwa amekandamiza sana. Aligeuza upande wa nyuma, nikapitisha kidole. Ungeweza kulisoma jina kwa kidole.

"Ni Nyambura yupi?" nilimwuliza.

"Haijasema."

"Basi usisome mpaka tujue."

"Nikiacha kusoma, na ni mmoja wenu?" Alinitazama kwa macho ambayo wakati ule niliyaona ya ukali. Leo najua yalikuwa ya mtu mwenye hofu. "Mungu hachanganyi majina. Sisi ndio tunachanganya."

Alisoma Jumapili tatu. Tuliuliza shangazi, majirani, wapangaji. Hakuna aliyekubali kuandika. Wa Kuku alianza kuota ndoto. Mdogo ndiye aliyesema, "Twendeni wote tupimwe, yaishe. Tukimaliza tunakula nyama choma, na yule atakayepatikana na kitu ndiye atalipa." Alisema kwa mzaha. Tulikwenda Jumamosi moja kwenye kliniki huko Westlands, wanne kwa pamoja, tukicheka ukumbini hadi mpokezi akatuomba tupunguze sauti, maana sote tulisimama alipoita Nyambura.

Watatu waliambiwa waende nyumbani. Mimi niliambiwa niketi tena.

Kilikuwa kivimbe kwenye titi la kushoto, kidogo kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuweza kukishika hata nilipoonyeshwa mahali. Daktari alisema ningekuja baada ya mwaka, mazungumzo yetu yangekuwa mengine. Akaniuliza nini kilinifanya nije kupimwa. Nilimwambia ilikuwa shughuli ya familia.

Sitaieleza miezi ya matibabu; waliopitia wanaijua, na ambao hawajapitia hawatasaidika nikiwatisha. Nitasema tu kwamba nilikuwa Mkristo wa kuandikishwa. Nilikwenda kanisani kwa sababu kwetu tunakwenda. Nilipopasuliwa na nywele zikanyonyoka, nilikuwa na hasira kuliko imani, na Karani alipokuja Alhamisi ya kwanza nikamwachilia yote.

"Kama Mungu aliweza kuandika karatasi," nilisema, "alishindwa nini kukiondoa kivimbe chenyewe? Si rahisi zaidi?"

Nilitarajia anikemee. Alifunga kaunta buku. "Sijui," alisema. "Mimi ni karani. Faili ikifika mezani naifungua. Sikuwahi kupata kujua kwa nini haikuletwa jana."

Kisha akaniuliza kama nakumbuka yule mgonjwa wa kupooza aliyeshushwa kupitia dari mbele ya Yesu. Nilimwambia nakumbuka.

"Ulishasikia yeye mwenyewe akiomba kitu?"

Nilifikiri. Sikukumbuka.

"Hakusema hata neno moja. Wenzake ndio walitoboa dari. Saa zingine mgonjwa hana imani, ana mwili tu. Wacha wenye mikono wabebe." Akafungua kitabu tena. "Lakini wewe mdomo unao. Haya, kuna watu tisa."

Niliwaombea watu tisa kwa shingo upande. Alhamisi iliyofuata walikuwa kumi na wawili. Sijui ni Alhamisi ya ngapi nilipogundua kwamba nawangoja, kwamba nataka kujua mtoto mmoja mgonjwa wa Kangemi amelala vipi, kwamba ninaposema majina yao chumba changu kinakuwa na watu. Nikisema nilimpata Mungu, nilimpata hapo, katika orodha ya majina ya watu nisiowajua. Kuna siku nilisoma jina nikakuta nimeinua kidole. Nilitazama mlango. Sikuona mtu. Lakini nilijibanza kitandani, nikaacha nafasi.

Niliwahi kumwuliza kama nitapona. Alisema, "Kupona kuna mwisho. Utapona hii, utaugua nyingine. Jina lako likishaitwa mbele zake, hilo halitoki." Nilipona, au tuseme nimepata nafuu ya miaka mitatu, na bado napimwa.

Yeye hakupata. Siku moja alianguka sokoni, na ikajulikana kwamba maji ya miguuni yalikuwa ya figo, na kwamba figo zilikuwa zimekwisha kufa kimya kimya. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mpwa wake, mama mwenye nyumba ya mawe ya zamani huko Woodley, alimchukua akae naye. Karani alinikabidhi ufunguo wa sanduku. Wazee wa kanisa walikubali. Walisema mtu wa bima na karani ni kitu kimoja.

Jambo moja tu lilinishangaza. Kila Jumapili nilisoma majina, na lake halikuwamo. Watu waliandika, nina hakika, kwa sababu wengi waliniambia wameandika. Lakini alikuwa amenikabidhi ufunguo kwa sharti: karatasi yenye jina lake nisiisome, nimpelekee. Nilimpelekea. Alizipokea, akazitia chini ya mto, akabadilisha mazungumzo. Kanisa likanisema mimi. Mama mmoja aliniuliza langoni kama nangoja Karani afe ili nibaki na ufunguo.

Nami nilikuwa na swali langu. Kama nilivyosema, ni kazi yangu kuuliza nani ameandika. Nilikuwa nimefikia hitimisho: Karani ndiye aliyeandika karatasi yangu, kwa mkono wa kushoto, kama alivyomwandikia yule mzee wa nyuma ya soko. Aliona kitu kwangu, labda nimekonda, akaogopa kuniambia usoni. Akaacha jina wazi ili sote wanne tupimwe. Lilikuwa hitimisho zuri. Lilieleza kila kitu, na nililipenda kwa sababu lilimfanya yeye kuwa mkubwa na mimi kuwa salama kutokana na jambo jingine lolote.

Mwezi uliopita, Jumamosi, mpwa wake alinipigia asubuhi. Karani ananiita. Nilifika Woodley kabla ya adhuhuri. Mpwa alifungua mlango, akarudi nyuma hatua mbili, akabaki ameushikilia mlango baada ya mimi kuingia.

"Mwenzako anaegesha gari?" aliuliza.

"Nimekuja peke yangu."

"Aa. Karani amesema mnakuja wawili. Nimeshaweka vikombe."

Alikuwa kitandani karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mkono wa kushoto, wenye mshipa wa mashine ya kusafisha damu, ulikuwa juu ya mto; wa kulia ulitetemeka hata mpwa akawa anamnywesha chai kwa kijiko. Alinitazama, kisha akatazama kando yangu kidogo, akaridhika.

"Nyambura wa Bima. Umenona."

"Ni hizo mandazi."

"Kula. Utazihitaji." Akacheka, akakohoa, akangoja kikohozi kipite. Nikaona kwamba nisipouliza siku hiyo sitauliza tena.

"Karani, ile karatasi yangu. Uliandika wewe?"

"Mutua amekuambia mambo ya mkono wa kushoto."

"Amesema."

"Ya mzee wa soko niliandika mimi. Yako sikuandika." Akamwomba mpwa wake atuache kidogo. Mpwa alipofunga mlango, Karani aliniambia nichukue kaunta buku la kwanza, lile kuukuu, nichane karatasi ya kahawia iliyofunika jalada.

Nyuma ya jalada kulikuwa na vipande vitatu vya karatasi ya miraba. Penseli. Herufi zilizosimama mbalimbali. Niligeuza nyuma nikapitisha kidole kabla sijazisoma. Zote tatu zilikuwa na jina lake kamili, lile ambalo nilikuwa nimeliona mara moja tu, kwenye mlango wa masjala.

"Ya kwanza nilipata mwaka mmoja kabla ya yako," alisema. "Nilikuwa mzima. Nikadhani ni mtu ananichezea. Nikaficha. Ikaja ya pili. Nikasema nikijisoma wataninyang'anya kitabu, watasema Karani naye ni mgonjwa, alale. Nikaficha. Ya tatu ilipokuja nikaogopa. Nilikuwa nimeshajua si mtu ananichezea." Akavitazama vile vipande. "Daktari ameniambia ningekuja wakati ule kungekuwa na la kufanya."

Nilivipanga juu ya shuka, kimoja kimoja.

"Halafu ikaja yako. Mwandiko huo huo. Nikasema hii siwezi kuficha, hata kama ni Nyambura mia."

"Hukunilaumu nilipokuambia usisome."

"Ningekulaumu na nini? Miaka yote nimesomea watu, nikasema waache wenye mikono wabebe. Mimi mwenyewe nimekataa kubebwa." Machozi yalimtoka, naye alikuwa mtu aliyewakataza watu kulia hospitalini. Hakuyafuta kwa kuwa hakuweza kuinua mkono. Nilimfuta. "Kesho nisome."

"Kwa sheria yako, lazima ipitie sandukuni."

"Sasa unadhani nimekuitia chai? Andika."

Niliandika jina lake kwa kalamu ya bluu kwenye risiti ya dawa iliyokuwa kwenye kipochi changu. Nilipoinuka alisema, "Pisha," nami nikasimama kando ya mlango wa chumba kwa muda kabla ya kutoka. Sikuona kitu. Nilitikisa kichwa hata hivyo.

Saa tisa nilikuwa kanisani. Mutua alinifungulia mlango mkubwa. Nilitumbukiza risiti yangu kwenye mwanya, kisha nikafungua kufuli, kama sheria inavyotaka, Mutua akiwa amesimama pale. Yangu ilikuwa juu. Chini yake kulikuwa na karatasi nane za watu wa kawaida. Na chini ya hizo zote, ya mwisho kabisa, iliyolala kwenye mbao, yaani iliyoingia kabla ya nyingine zote wiki hiyo, ilikuwa na miraba.

"Mutua, nani alikuja wa kwanza wiki hii?"

Alifikiri. "Jumatatu nilisikia kitu ikianguka ndani ya sanduku. Nikasema ni panya. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo niko nayo mimi."

Niliipitisha kidole nyuma. Jina la Karani. Jumatatu yeye alikuwa kwenye mashine, sindano mbili mkononi, na mkono wa pili hauwezi kushika kijiko.

Jumapili nilianza na majina ya wengine. Simu yangu ilikuwa juu ya mimbari, imewashwa, na upande wa pili mpwa wake alikuwa ameweka simu yake sikioni mwa Karani. Kisha nikasoma jina la mwisho. Wengi hawakulijua, niliona midomo ikiuliza ni nani. Nikasema, "Karani." Nikainua kidole nikatazama mlango. Nilipokishusha hakuna aliyeitika. Walikuwa wamezoea kwamba mwenye kuyasoma majina hasomwi yeye mwenyewe. Ndipo Mutua, aliyesimama mlangoni na rungu lake, akasema peke yake, kwa sauti kubwa, "Yuko mbele zako," na kanisa zima likamfuata, wengine wakilia.

Mpwa wake aliniambia baadaye kwamba Karani alisikia, akafumba macho, akajisogeza mwenyewe hadi ukutani, yeye ambaye hugeuzwa na watu wawili, akaacha nafasi kitandani.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza. Ya tatu ilikuwa wiki iliyopita. Yu hai, anasafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, na anakula. Daktari haelezi sana. Kwa sheria yake, kesho jina lake linatoka, isipokuwa liwe limerudishwa. Watu wengi wameandika, nami nimeandika. Lakini Mutua anasema Jumatatu hii alikaa karibu na sanduku makusudi, tangu asubuhi hadi jioni, mlango umefungwa, na alisikia karatasi ikianguka mara mbili. Moja naweza kuibashiri; ya pili sijui ni ya nani.

Ni Jumamosi, saa tisa kasoro dakika chache. Ufunguo ninao shingoni.